Mfupa na Mahali Pake: Makumbusho ya Visukuku ya Meride, Uswisi

Utangulizi

Kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Ticino ambako wenyeji husema Kiitaliano, kuna kijiji kidogo kiitwacho Meride. Nyumba zake ni za mawe, njia zake ni nyembamba, na nyuma yake umesimama mlima wenye umbo la piramidi, uliofunikwa na msitu tangu chini hadi kileleni. Huo ndio Monte San Giorgio, wenye kimo cha karibu mita 1,100. Upande wa kaskazini mlima huo huteremka hadi Ziwa Lugano. Upande wa magharibi hupakana na nchi ya Italia. Mtu apitaye barabarani asingeudhania kuwa na sifa yoyote ya pekee. Hata hivyo, mwaka 2003 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 likaiongeza sehemu ya Italia, kwa kuwa hakuna mahali pengine panapojulikana ambapo maisha ya bahari ya kipindi cha Triasiki yamehifadhiwa kwa ukamilifu kuliko hapo.

Katika Meride mna makumbusho ya visukuku. Si makumbusho makubwa kama yale ya London au Paris; ni ya mkoa, na yanahusu mlima mmoja tu. Makala haya yanakusudia kueleza mlima huo ulivyoundwa, visukuku vyake vilivyogunduliwa, na kazi ya makumbusho yaliyojengwa karibu navyo. Pamoja na hayo, makala yanataka kujibu swali linalowahusu wasomi wa Kiswahili pia: kuna faida gani kuuweka mfupa wa kale karibu na mwamba ulikotoka? Jibu litatafutwa kwanza katika historia ya mnyama mmoja wa San Giorgio, kisha katika bonde la Ruhuhu nchini Tanzania, ambako mawe ya kipindi hicho hicho yametoa wanyama wenye majina ya Kiswahili.

1. Istilahi chache

Kabla ya kuendelea, yafaa maneno machache yafafanuliwe. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa, jino, gamba, jani, hata unyayo. Mara nyingi kitu chenyewe kimekwisha geuka jiwe, kwa sababu madini yaliyomo majini yamejaza nafasi zake polepole. Tabaka ni mtandiko mmoja wa mwamba uliolala juu ya mwingine; la chini kwa kawaida ndilo la zamani zaidi, na la juu ni la baadaye. Kwa hiyo msomaji wa matabaka hufanana na msomaji wa kitabu kilicholazwa kifudifudi: huanza kwa ukurasa wa chini kabisa.

Triasiki ni kipindi cha historia ya dunia kilichoanza takriban miaka milioni 252 iliyopita na kumalizika takriban miaka milioni 201 iliyopita. Jina hilo lilitolewa mwaka 1834 na Mjerumani Friedrich von Alberti, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya utatu, kwa sababu mawe ya kipindi hicho nchini Ujerumani yamegawanyika katika mafungu matatu. Kipindi hicho kilitanguliwa na maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya viumbe. Walionusurika walikuta bahari na nchi kavu zikiwa karibu tupu, nao wakazijaza kwa maumbo mapya. Ndiyo maana Triasiki huwavutia sana wataalamu: ni wakati ambapo dunia iliyoharibika ilikuwa inajengwa upya.

2. Mlima uliokuwa bahari

Mawe ya San Giorgio yenye visukuku vingi ni ya Triasiki ya kati, yaani yapata miaka milioni 242 iliyopita na miaka michache ya milioni iliyofuata. Wakati huo mabara yote yalikuwa yameungana kuwa bara moja, Pangea, na ghuba kubwa ya bahari iitwayo Tethys iliingia kutoka mashariki. Mahali ambapo leo pana Meride palikuwa na bahari tulivu ya nchi za joto, iliyotenganishwa na bahari kuu kwa kingo za mawe ya chokaa. Nchi kavu haikuwa mbali, kwani baina ya samaki na kombe hupatikana pia majani, wadudu na reptilia wa nchi kavu waliochukuliwa na maji.

Sababu ya visukuku kuhifadhika vizuri haikuwa katika maji ya juu yaliyojaa uhai, bali katika maji ya chini. Huko hapakuwa na mzunguko wa kutosha, na hewa ya oksijeni iliisha. Mzoga ulioshuka hadi chini haukukuta samaki wa kuula wala kaa wa kuutawanya. Ulilala kimya, tope jembamba likaufunika, na tabaka jingine likaja juu yake. Kwa hiyo mifupa mingi ya San Giorgio haikutawanyika. Kiunzi kizima hupatikana kikiwa na kila kiungo mahali pake, ingawa uzito wa mawe umekibonyeza kikawa bapa kama ua lililokaushwa kitabuni.

Wataalamu hutofautisha mafungu makuu matano ya matabaka yenye visukuku. La chini, na ndilo mashuhuri zaidi, huitwa Tabaka la Besano, kwa jina la kijiji cha upande wa Italia. Unene wake ni karibu mita 16 tu. Ndani yake mawe meusi yenye lami hupishana na mawe ya dolomiti, tabaka jembamba baada ya jingine. Juu yake yapo Mawe ya Chokaa ya Meride, ambayo ni manene zaidi, na humo ndimo yamo mafungu manne mengine. Kwa kuwa mafungu hayo yamepangana, mtaalamu anaweza kuona jinsi wanyama wa ukoo mmoja walivyobadilika kutoka tabaka hadi tabaka. Mfano mzuri ni reptilia wadogo wa baharini waitwao Neusticosaurus, ambao wamepatikana kwa wingi, wakubwa kwa wadogo, hata watoto ambao hawajazaliwa.

Umri wa matabaka hayo haukukisiwa tu. Baina ya mawe yenye lami kuna mistari myembamba ya majivu ya volkeno, na ndani ya majivu hayo mna chembe za fuwele iitwayo zirikoni. Fuwele hiyo ilipoumbwa ilibeba urani kidogo, na urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Anayepima kiasi cha urani na cha risasi huweza kuhesabu miaka iliyopita tangu volkeno ilipolipuka.

Ni jambo la kuzingatia pia kwamba mawe hayo, yaliyo katikati ya Ulaya leo, hayakuwa mbali na Afrika. Sehemu hiyo ya kusini mwa Alpi ni ya bamba la Adria, ambalo wanajiolojia wengi huliona kama rasi ya bamba la Afrika. Afrika iliposukumana na Ulaya, mamilioni ya miaka baadaye, chini ya bahari palikunjwa na kuinuliwa; vilindi vikawa vilele. Hivyo ndivyo samaki wa Tethys walivyopanda mlimani.

3. Kutoka mgodini hadi chuo kikuu

Watu wa kwanza kuyafungua mawe hayo hawakuwa wasomi. Walikuwa wachimbaji. Mawe yenye lami hutoa mafuta yakichomwa, na watu wa Besano na Meride walilijua hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya migodi ilianza kuyachimba kwa makusudi, na katika kiwanda kilichokuwa karibu na Meride yalipashwa moto mpaka yakatoa mafuta mazito, ambayo yaligeuzwa dawa ya kupaka ngozi iliyouzwa kwa jina la Saurolo. Jina hilo lenyewe linakumbusha neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi: dawa ilitokana na mawe ya mijusi. Haikosi kuwa mifupa mingi iliingia tanurini pamoja na mawe yake.

Msomaji wa Katanga, aliyezaliwa katika nchi ya migodi, ataelewa haraka jambo hili. Mgodi hufungua ardhi kwa kina ambacho hakuna mwanachuo angeweza kukifikia kwa fedha zake. Lakini mgodi hauchagui kati ya kitu cha kuuzwa na kitu cha kujifunza, isipokuwa awepo mtu wa kuchagua. Katika San Giorgio mtu huyo alikuwa Bernhard Peyer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Zurich. Alipotambua thamani ya mifupa iliyokuwa ikitokea migodini, alianza uchimbaji wa kisayansi mwaka 1924. Kazi yake iliendelezwa na Emil Kuhn-Schnyder, ambaye aliongoza uchimbaji mkubwa mahali paitwapo Mirigioli, kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 1968.

Huko Mirigioli Tabaka la Besano lilifunuliwa jembamba kwa jembamba, kutoka juu hadi chini, na kila kisukuku kikaandikwa kilipatikana katika tabaka lipi. Mchimbaji wa mafuta alihitaji jiwe tu. Mchimbaji wa elimu alihitaji jiwe na anwani yake. Baada ya kuchimbuliwa, kazi kubwa zaidi ilibaki. Mabamba ya mawe yalipigwa picha za eksirei ili kujua mifupa imelala wapi, kisha fundi aliketi na sindano na darubini akikwangua mwamba punje kwa punje. Kiunzi kimoja kinaweza kudai miezi, pengine miaka. Mtazamaji aonapo mnyama ametokeza mweusi juu ya bamba safi, yafaa akumbuke methali isemayo: ukiona vyaelea, vimeundwa.

4. Shingo iliyodhaniwa kuwa bawa

Hakuna kisa kinachoonyesha faida ya kazi hiyo kuliko kisa cha mnyama aitwaye Tanystropheus.

Mwaka 1886 mtaalamu wa Italia Francesco Bassani alieleza mabaki ya mnyama mdogo yaliyotoka Besano. Meno yake mengine yalikuwa na ncha tatu, kwa hiyo akampa jina Tribelesodon, na akamhesabu miongoni mwa reptilia warukao angani. Mwaka 1923 Mhungaria Franz Nopcsa, mwanachuoni maarufu, aliyatazama mabaki hayo tena. Kulikuwa na mifupa mirefu, myembamba, yenye uwazi ndani. Nopcsa aliiona kuwa mifupa ya kidole, kile kidole kirefu kinachoshika ngozi ya bawa la mjusi arukaye. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Kwa mtu aliye na mifupa michache iliyovurugika, mfupa mrefu na mwembamba hufanana na kidole kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka 1929 kundi la Peyer lilipata San Giorgio kiunzi ambacho viungo vyake havikutengana. Hapo ilidhihirika kwamba mifupa ile haikuwa ya kidole hata kidogo. Ilikuwa pingili za shingo. Mnyama hakuwa na bawa. Alikuwa na shingo ndefu ya ajabu, karibu sawa na urefu wa kiwiliwili na mkia vikiunganishwa. Shingo hiyo haikuwa na pingili nyingi kama ya nyoka, bali 13 tu, kila moja ikiwa imerefushwa mno, na chini yake zimelala mbavu nyembamba zilizoifanya kuwa ngumu. Ikabainika pia kwamba mifupa ya namna hiyo ilikwisha patikana Ujerumani zamani, na kwamba Hermann von Meyer aliipa jina Tanystropheus mwaka 1852. Mnyama wa Besano akarudishwa katika jina hilo la kwanza.

Maswali hayakuishia hapo. Katika San Giorgio walipatikana Tanystropheus wadogo, wenye meno ya ncha tatu, na wakubwa waliofikia urefu wa mita 5 au 6, wenye meno marefu ya ncha moja. Kwa miaka mingi wengi walidhani wadogo ni watoto wa wakubwa, na kwamba meno yalibadilika kadiri ya umri. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi mpya. Fuvu kubwa lililopondwa lilipigwa picha kwa miali ya sinkrotroni huko Grenoble, Ufaransa, na vipande vyake vikaunganishwa upya ndani ya kompyuta. Mifupa ya wadogo ilikatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, na mistari ya ukuaji iliyoonekana ndani yake, mfano wa pete za mti, ilionyesha kuwa walikuwa watu wazima. Kumbe walikuwa aina mbili zilizoishi katika maji yale yale bila kugombea chakula: mdogo alibaki na jina Tanystropheus longobardicus, na mkubwa akaitwa Tanystropheus hydroides. Tundu za pua za yule mkubwa zilikuwa juu ya pua kama za mamba, dalili ya mnyama wa majini aliyevizia samaki na ngisi.

Mwaka 2023 uchunguzi mwingine ulieleza mwisho wa wanyama wawili wa jamii hiyo. Kilichobaki cha kila mmoja ni kichwa na sehemu ya shingo, na mifupa iliyovunjika ina alama za meno. Waliumwa shingoni na mnyama mkubwa zaidi, kiwiliwili kikaliwa, kichwa kikaachwa kizame. Shingo ile iliyowasaidia kukaribia mawindo bila kuonekana ndiyo iliyokuwa udhaifu wao.

Mambo haya yote, kuanzia marekebisho ya 1929 hadi ushahidi wa 2023, yaliwezekana kwa sababu moja: viunzi vilikuwepo, vikiwa vizima, pamoja na habari za mahali vilipolala. Kisukuku kilichoanzisha mjadala hakikuwepo tena. Mabaki yaliyoelezwa na Bassani yalikuwa katika makumbusho ya Milano, na mabomu ya Agosti 1943 yaliyaangamiza pamoja na vitu vingine vya mkusanyo wa Besano. Lau kusingalikuwa na mlima wa kurudiwa na viunzi vya Zurich, elimu juu ya mnyama huyo ingalibaki katika picha za kuchorwa na hoja za marehemu.

5. Nyumba ya makumbusho

Makumbusho ya Meride yalikuwepo kabla ya mwaka 2012, lakini ni mwaka huo ndipo yalipofunguliwa upya baada ya kupanuliwa kwa michoro ya Mario Botta, msanifu majengo mashuhuri ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Mendrisio, mji ulio karibu. Jengo limeshikamana na nyumba za kijiji, na maonyesho yamepangwa katika ghorofa nne.

Anayeingia hulakiwa na sanamu ya Ticinosuchus, mnyama mkali wa nchi kavu mwenye urefu wa mita mbili na nusu, ambaye jina lake limechukua jina la jimbo lenyewe. Alikuwa wa ukoo ulioelekea upande wa mamba, ila alitembea kwa miguu iliyosimama vizuri chini ya mwili. Mwili wake ulichukuliwa na maji hadi baharini, ukahifadhiwa pamoja na samaki. Ndani mna mabamba yenye Neusticosaurus. Mna ikitiosauri, yaani reptilia wenye umbo la samaki, miongoni mwao Mixosaurus. Mna Ceresiosaurus, ambaye jina lake limetokana na Ceresio, jina jingine la Ziwa Lugano. Mna samaki, kombe na mimea. Vingine ni visukuku asilia, vingine ni nakala zilizotengenezwa kwa uangalifu, kwa kuwa asilia zake zimo katika vyuo vya utafiti.

Jambo la thamani zaidi huenda halimo ndani ya vyumba. Anayetoka mlangoni anaweza kufuata njia ya miguu ipandayo mlimani, yenye mabango ya maelezo, ipitayo karibu na mahali palipochimbwa. Kile alichokiona nyuma ya kioo hukiona tena kikiwa mwamba ulioinama msituni. Huelewa kwa macho yake kwamba lile bamba jeusi si kitu cha ajabu kilichoshuka kutoka mbinguni, bali ni ukurasa uliong'olewa katika kitabu ambacho bado kipo, na ambacho sehemu yake kubwa haijasomwa. Upande wa Italia pia, Besano ina makumbusho yake. Huko ndiko mwaka 1993 kulikopatikana ikitiosauri mkubwa aliyepewa jina la kijiji, Besanosaurus.

6. Mifupa ni ya nani?

Swali la umiliki haliepukiki. Visukuku vya mlima huu mmoja vimegawanyika: vingi vimo Zurich, vingine Lugano, vingine Milano, vingine Meride na Besano. Kanuni za Sheria ya Kiraia za Uswisi, zilizoanza kutumika mwaka 1912, zinaeleza kwamba vitu vya asili visivyo na mwenyewe na vyenye thamani kubwa ya kisayansi ni mali ya jimbo ambamo vimepatikana. Maana yake ni kwamba kisukuku si mali ya aliyekiokota, wala si bidhaa ya kuuzwa kwa anayetoa bei kubwa. Ni amana ya umma.

Hata hivyo, umiliki peke yake hautoi elimu. Kijiji cha Meride hakikuwa na mashine za eksirei wala mafundi wa miaka mingi. Zurich ilikuwa navyo. Bila chuo kikuu, mlima ungebaki bubu. Lakini bila mlima na kijiji chake, chuo kikuu kingekuwa na mifupa tu. Uhusiano mwema kati ya pande hizo mbili ni huu: kitu kinaweza kusafiri kwa ajili ya utafiti, mradi anwani yake isipotee, na matokeo ya utafiti yarudi kwa watu wa mahali hapo katika lugha wanayoielewa. Makumbusho ya mkoa ndiyo mlango wa marejeo hayo.

7. Ruhuhu: mifupa ya Triasiki na majina ya Kiswahili

Neno hili la mwisho, lugha, linaleta hoja Afrika ya Mashariki. Kusini-magharibi mwa Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa, kuna bonde la Ruhuhu, na humo mna mawe ya Triasiki yaitwayo Matabaka ya Manda. Hayakulala chini ya bahari kama ya San Giorgio, bali katika nchi ya mito na mabonde. Kwa hiyo sehemu hizi mbili hukamilishana: moja huonyesha wanyama wa majini, nyingine wa nchi kavu. Katika Manda alipatikana Mandasuchus, mnyama wa upande ule ule wa mamba aliko Ticinosuchus.

Mwaka 1933 Mwingereza Rex Parrington alikusanya Ruhuhu mifupa iliyopelekwa Uingereza. Mwanafunzi Alan Charig aliichunguza kwa tasnifu yake ya mwaka 1956 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mnyama mmoja akampa jina Teleocrater. Lakini mifupa haikutosha. Sehemu muhimu, kama kifundo cha mguu, hazikuwepo, na nafasi ya mnyama huyo katika nasaba haikuweza kuamuliwa. Charig alifariki mwaka 1997 bila kuona ufumbuzi. Mwaka 2015 watafiti walirudi katika bonde lile lile, wakapata mifupa zaidi, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba Teleocrater ni wa mwanzo kabisa katika tawi lililozaa dinosauri na ndege, ingawa kifundo chake bado kilifanana na cha mamba. Kisa hiki ni ndugu wa kisa cha Tanystropheus. Mara zote mbili mabaki machache yaliyohamishwa mbali yaliacha fumbo, na fumbo likafumbuliwa kwa kurudi mahali.

Katika bonde hilo hilo alipatikana mnyama aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina la Asilisaurus kongwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa. Sehemu ya kwanza ni neno letu asili, likiunganishwa na neno la Kigiriki la mjusi. Sehemu ya pili ni kongwe, yaani -a kale sana, kama lilivyo bila kuvikwa mavazi ya Kilatini. Mnyama huyo ni jamaa wa karibu wa dinosauri wa kwanza, kwa hiyo jina linasema ukweli wake: ni mjusi wa asili, mkongwe. Visukuku vyake vimesajiliwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Hapa lugha imefanya kazi iliyofanywa na majina Ticinosuchus na Ceresiosaurus kule Uswisi: imeufunga mfupa na mahali pake, hata kama mfupa wenyewe utasafiri.

Ila jina moja halitoshi. Mtoto wa Meride anaweza kuingia makumbusho ya kijijini na kusomewa habari za mlima wake katika Kiitaliano. Elimu kuhusu Ruhuhu, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa Kiingereza, na majarida yake yako mbali na walimu wa shule za mkoa huo. Kongo nayo ina mfano wake. Samaki wa mawe waliochimbuliwa karibu na Kisangani zama za ukoloni, wa kipindi cha Jurasiki kilichofuata Triasiki, wanahifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na maelezo yao yaliandikwa kwa Kifaransa. Kuwahifadhi ni jambo jema. Milano ya 1943 imeonyesha kitu kisichohifadhiwa vema hupatwa na nini, na hata kilichohifadhiwa hakina dhamana kamili. Lakini mwanachuo wa Kisangani anayetaka kuwajua samaki wa mto wake analazimika kuwatafuta ng'ambo ya bahari.

Hitimisho

Makumbusho ya Meride hayajivunii ukubwa. Fundisho lake ni kwamba mfupa ni nusu ya ushahidi, na nusu ya pili ni mahali ulipolala: tabaka lake, majirani wake, na kumbukumbu ya waliouchimbua. Kwa kukosa nusu hiyo ya pili, wanachuoni hodari waliigeuza shingo kuwa bawa. Kwa kuipata, wafuasi wao waliweza kusema hata mnyama alikula nini na aliuawa vipi, baada ya miaka milioni 242.

Kwa wasomi wa Kiswahili kuna wajibu ambao haudai jengo la ghorofa nne wala mashine za Grenoble. Ni kuunda na kusawazisha istilahi, kueleza kwa lugha hii mawe ya Ruhuhu, ya Kisangani na ya kwingineko, na kuyaweka maelezo hayo mikononi mwa walimu. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Asili inayozungumzwa na methali hiyo ni ya watu. Lakini nchi nayo ina asili, imeandikwa katika mawe yake, nayo inangoja wasomaji.